Git imegoma kuunganisha? Jua kwanza safari imeishia wapi

Ukikaa na vijana wanaoandika programu hapa Arusha, wale wa mifumo ya kubuku safari, ya hosteli, ya vikoba, utaona tabia moja: `git push`, amri ya kupeleka kazi kwenye seva kwa Git (programu inayotunza matoleo ya msimbo), ikigoma, mtu anatengeneza ufunguo mpya wa SSH, ile njia salama ya kuingia kwenye seva ya mbali. Ikigoma tena, anatengeneza mwingine. Mwisho folda ya `.ssh` inajaa funguo ambazo hakuna anayejua upi ni wa nini, na tatizo lenyewe kumbe lilikuwa bando.

Kuunganisha na seva ya msimbo ukiwa mbali kuna hatua zake, na hatua hizo hazibadiliki. Jina la seva linatafsiriwa kuwa anwani. Mashine yako inaifikia anwani hiyo. Seva inajitambulisha kwako. Wewe unajitambulisha kwake. Mwisho inaangaliwa kama una ruhusa ya kugusa repo (folda ya mradi inayotunzwa na Git) unayoitaka. Mgeni aliyetoka Dar akakwama Same, na mgeni aliyefika hadi getini kwako Njiro mlinzi akamzuia, wote hawajafika, ila huwezi kuwasaidia kwa njia moja.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, andika hii kwenye terminali, ukiweka jina la seva yako:

```
ssh -vT git@seva-yetu
```

Yatamwagika maandishi mengi, usiogope. Tafuta mistari minne tu. `Connection established` maana yake njia iko wazi. `Server host key` maana yake seva imejitambulisha. `Offering public key` ni wewe unaonyesha ufunguo wako (ufunguo una nusu mbili: ya siri inayobaki kwako, na ya hadharani inayowekwa kwenye seva). `Server accepts key` ni seva imeukubali. Mstari wa mwisho kuuona kati ya hiyo ndio unaokuambia uanzie sehemu gani ya mwongozo huu, ambao vichwa vyake vingi ni ujumbe wa kosa kama utakavyouona.

`Could not resolve hostname`

Hujatoka hata nyumbani. Ama umekosea herufi kwenye jina, ama huna intaneti. Simu inaweza kuonyesha 4G kamili huku bando limekwisha, na waifai ya hoteli au ya mgahawa inaweza kukushika vizuri tu ilhali bado inasubiri ufungue kivinjari ukubali masharti yake. Jaribu `ping 1.1.1.1`. Ikijibu lakini majina hayafunguki, badilisha DNS ya laptopu, yaani huduma inayotafsiri majina kuwa anwani. Isipojibu, usiilaumu Git bado.

`Connection timed out`

Umepiga hodi, hakuna aliyejibu, hata kukukatalia. Sababu ya kawaida kuliko zote mjini hapa ni mtandao ulioketi nao kuzuia poti (mlango wa mtandao) namba 22, ambayo SSH hutumia. Mitandao ya vyuo, ya hoteli na ya ofisi nyingi huacha wazi poti za tovuti peke yake, yaani 80 na 443. Kipimo chake ni rahisi: washa hotspoti ya simu, jaribu tena. Ikikubali, tatizo liko kwenye waifai uliyoiacha.

Kama msimbo wako uko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, wana mlango wa pili kwa ajili ya hali hii hii. Weka maneno haya kwenye faili la `~/.ssh/config`:

```
Host github.com
    HostName ssh.github.com
    Port 443
    User git
```

Wa GitLab watumie `altssh.gitlab.com`, poti hiyo hiyo ya 443. Mara ya kwanza utaulizwa upya kuhusu utambulisho wa seva, kwa sababu jina na poti vimebadilika. Usibonyeze tu ndiyo, soma sehemu ya utambulisho hapa chini kwanza.

Kama hotspoti nayo imegoma, kuna mambo mawili ya kuangalia. Huenda seva yenu imewekwa ipokee anwani chache za IP zilizoandikwa. Ulinzi huo ni mzuri kwa ofisi yenye anwani ya kudumu, ila ni balaa kwa mtu anayetumia data ya simu, maana anwani yake inabadilika kila anapozima na kuwasha. Au huenda tatizo si lako wala la ofisi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ya Tanzania ikazorota karibu nchi nzima, na kuna watu walishinda wakifuta na kuweka upya programu zao. Kabla ya kugusa laptopu, mpigie mwenzako aliye mtandao mwingine.

Seva iko ofisini, ukiwa nje haipatikani kabisa

Hili nalo huja na `timed out`, ila ni gonjwa jingine, na linasumbua ofisi ndogo zilizoamua kuweka seva yao kwenye chumba cha nyuma badala ya kukodi nje. Ukiwa ndani ya ofisi kila kitu safi. Ukienda nyumbani Ngaramtoni, kimya.

Ingia kwenye ruta ya ofisi, angalia anwani ya IP upande wa intaneti. Ikiwa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hapo hata ufungue poti zote za ruta, hakuna kitakachoingia, kwa kuwa mlango wa kweli uko kwake. Ukiona 10 au 192.168 mwanzoni, hali ni ileile. Nimeona fundi akilipwa kuja kufungua poti kwenye ruta ya namna hii, akafungua kweli, akaondoka, na seva ikabaki haipatikani.

Njia ninayoipendelea: kodi seva ndogo ya nje yenye anwani ya kudumu, kisha seva ya ofisini iunganishwe nayo kwa WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kati ya mashine kupitia intaneti), yenyewe ndiyo ianze kupiga simu. Kwenye mipangilio ya upande wa ofisi weka `PersistentKeepalive = 25`, ili kila sekunde 25 ipeleke pakiti ndogo na njia isijifunge. Laptopu za wafanyakazi nazo ziingie kupitia hiyo hiyo. Faida kubwa ni kwamba poti ya SSH ya seva ya msimbo haionekani tena na dunia nzima. Upande wa sheria, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kwa kazi zao wajisajili, kwa hiyo hilo mlimalize kabla ya kuwagawia watu.

`Connection refused`

Watu wanalichanganya hili na `timed out`, na ndio maana wanapoteza siku. Hapa umefika. Mashine imejibu, ikasema kwenye poti hiyo hakuna huduma. Ama poti si hiyo, ama programu ya SSH haijawaka. Umeme ukikatika usiku na seva ikajiwasha asubuhi, huduma ambayo haikuwekwa ijiwashe yenyewe itabaki imelala. Aliye karibu na seva aandike `systemctl status ssh`, na ikiwa imezimwa, `systemctl enable --now ssh`.

Kuna chanzo kingine ambacho hakiji akilini haraka. Seva nyingi zina fail2ban, programu inayofungia anwani inayokosea kuingia mara kwa mara. Kwa mipangilio yake ya kawaida, makosa 5 ndani ya dakika 10 yanatosha kufungiwa dakika 10, na aliyefungiwa huona `Connection refused` kana kwamba seva imezimwa. Sasa fikiria ofisi nzima inatoka nje kwa anwani moja: mtu mmoja akiwa na programu inayojaribu ufunguo wa zamani kila dakika, wote mnafungiwa. Dalili yake ni kwamba inagoma, inakubali kidogo, inagoma tena, na kwa hotspoti inakubali muda wote. Msimamizi aangalie kwa `fail2ban-client status sshd`. Kuwafungulia anwani ni dakika moja. Kumpata mwenye ufunguo wa zamani ndiko kazi iliko.

`REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!`

Onyo hili linakuja limezungushiwa alama nyingi kwa makusudi. Laptopu yako inakumbuka utambulisho wa seva tangu mara ya kwanza, na leo umekuja tofauti. Inawezekana seva imewekwa upya. Inawezekana anwani ile sasa ni ya mashine nyingine. Inawezekana pia kuna mtu amekaa katikati yako na seva, hasa kama uko kwenye waifai ya wazi.

Ushauri unaosambaa ni kufuta faili zima la `known_hosts` au kuandika `StrictHostKeyChecking no`. Usifanye. SSH yenyewe ilizaliwa mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo kikuu kule Helsinki, Tatu Ylönen akaamua kutengeneza dawa. Ukizima ukaguzi huu unarudi kule kule, tena ukijiona uko salama.

Cha kufanya: mpigie simu msimamizi wa seva. Simu, au mtafute ana kwa ana, maana barua pepe inaweza kuwa inapita njia hiyo hiyo unayoitilia shaka. Aandike kwenye seva:

```
ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub
```

Akusomee mfululizo unaoanza na `SHA256:`, wewe ulinganishe na ule ulioko kwenye onyo lako, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Vikilingana, futa kumbukumbu ya seva hiyo peke yake kwa `ssh-keygen -R seva-yetu`, uunganishe upya. SSH ikikuuliza kama uendelee, hulazimiki kujibu `yes`: unaweza kuandika mfululizo aliokusomea msimamizi, na yenyewe italinganisha.

Onyo hili si lazima liwe shambulio. Machi 2023 GitHub walibadilisha ufunguo wao wa RSA (aina mojawapo ya funguo) kwa sababu nusu yake ya siri ilionekana kwa muda mfupi kwenye repo ya wazi, na watu duniani kote wakaamka na onyo. Alama mpya, yaani mfululizo ule wa `SHA256:`, iliwekwa kwenye kurasa zao wenyewe. Siiandiki hapa makusudi, kwa kuwa kuichukua kwa mtu baki ni kuharibu maana yote ya kukagua.

`Permission denied (publickey)`

Sasa uko getini. Hili ndilo lenye vyanzo vingi, na ndilo linalowapa watu hamu ya kutengeneza funguo. Rudi kwenye matokeo ya `ssh -vT`.

Angalia jina la mtumiaji. Kwa GitHub, GitLab na seva nyingi za Git jina ni `git`, si jina lako. Usipoandika kitu, SSH inatumia jina la akaunti ya laptopu yako, na seva haimjui huyo.

Kisha uliza: ufunguo sahihi umeonyeshwa? Kama hakuna mstari wa `Offering public key` wenye jina la faili lako, basi SSH haiujui ulipo, hasa kama uliuita jina lako mwenyewe badala ya `id_ed25519`. Kama inaonyesha funguo nyingi mfululizo kisha inakatwa na `Too many authentication failures`, ni ile rundo la funguo. Seva ya kawaida huvumilia majaribio 6, wako wa kweli yumkini ulikuwa wa saba. Dawa ya yote mawili ni moja, kwenye `~/.ssh/config`:

```
Host seva-yetu
    User git
    IdentityFile ~/.ssh/ufunguo_wa_kazi
    IdentitiesOnly yes
```

Ufunguo umeonyeshwa lakini seva haijaukubali? Basi tatizo liko upande wa seva, na huwezi kulimaliza kwenye laptopu. Mara nyingi nusu ya hadharani ilibandikwa ikiwa imekatika mistari miwili baada ya kupita WhatsApp, wakati inatakiwa iwe mstari mmoja mrefu kwenye `authorized_keys`. Mara nyingine ni ruhusa za folda: `.ssh` iwe 700, `authorized_keys` iwe 600, na folda ya nyumbani isiandikike na wengine. Aliyeandika `chmod 777` (kumruhusu kila mtu) ili mambo yaende haraka ndiye aliyeyazuia, kwa sababu SSH ikiona folda iko wazi hivyo inakataa kuliamini faili lililomo. Kwenye logi (kumbukumbu za matukio) ya seva itaandikwa wazi, `bad ownership or modes`.

Laptopu nayo ina kosa lake la jamii hiyo. `UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE!` humtokea aliyehamisha ufunguo kwa flashi, kwa kuwa flashi nyingi hazihifadhi ruhusa za faili. `chmod 600` inatibu. Ila ukiwa Windows na unatumia Linux ya ndani (WSL), ufunguo ukikaa kwenye `/mnt/c` amri hiyo inaweza isishike kabisa. Unakili kwenda kwenye `~/.ssh` ya Linux yenyewe, ndipo ubadilishe ruhusa.

Seva zilizozeeka zina shida yao. OpenSSH 8.8, iliyotoka 2021, iliacha kukubali saini za RSA zinazotumia SHA-1, njia ya zamani ya kutengeneza saini. Laptopu mpya ikikutana na seva ya zamani sana, hawaelewani hata ufunguo ukiwa sahihi. Ufunguo wa ed25519, aina mpya zaidi, unamaliza, mradi seva iwe na OpenSSH 6.5 ya mwaka 2014 au zaidi. Na kama haina hata hiyo, mazungumzo yawe ya kubadilisha seva.

Na kuna hili, ambalo nimeliona kwenye grupu la kazi. Kijana wa fildi kaandika: "Kaka, nimeshatuma ufunguo wangu, naomba uniongeze." Ukifungua faili linaanza na `-----BEGIN OPENSSH PRIVATE KEY-----`. Hiyo ni nusu ya siri, na sasa iko kwenye simu za watu wote wa grupu pamoja na nakala zao za akiba. Kufuta ujumbe hakusaidii. Hapa ndipo ufunguo mpya unapohitajika kweli: wa zamani uondolewe kila seva ulipowekwa, na kijana atengeneze mwingine kwa `ssh-keygen -t ed25519`, auwekee neno la siri, atume faili linaloishia na `.pub`. Asigombezwe mbele ya watu, kesho atakosea tena na atanyamaza.

Wanaotumia anwani ya `https` badala ya SSH na wanaulizwa nywila bila kukubaliwa: GitHub waliacha kupokea nywila za akaunti kwa shughuli za Git tangu 13 Agosti 2021. Tengeneza tokeni (neno refu la siri la kutumia badala ya nywila), uipe repo unazozihitaji tu na tarehe ya kuisha. Kwenye Windows futa kwanza nywila iliyohifadhiwa na mfumo, la sivyo itaendelea kuitumia ileile kimyakimya.

`Repository not found`

Umeingia, lakini kama mtu mwingine. Mwenye akaunti mbili za GitHub, ya kazi na yake binafsi, aandike `ssh -T git@github.com` asome anaitwa nani kwenye salamu. Likiwa jina lisilo la kazi, rekebisha `IdentityFile`.

Inaanza vizuri, inakwama katikati

Ikikwama kwenye `expecting SSH2_MSG_KEX_ECDH_REPLY` bila kuendelea, pakiti kubwa zinapotea njiani. Hutokea sana ukiwa juu ya VPN au modemu ya 4G. Punguza MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kiunganishi cha mtandao hadi 1400 ujaribu, ikigoma shuka hadi 1280.

Ikiwa ni kukatika baada ya muda wa ukimya, weka `ServerAliveInterval 30` kwenye mipangilio ile ile ya SSH.

Na ikiwa `git clone` inafika asilimia sitini inakufa na `early EOF`, shida ni ukubwa. Git haiendelezi upakuaji uliokatika, inaanza sifuri, na bando linaondoka. Mifumo ya kampuni za utalii ndiyo inaongoza hapa: mtu kaweka picha za simba za megabaiti kumi kumi ndani ya repo, na hata zikifutwa leo bado zimo kwenye historia. Chukua kidogo kwanza kwa `git clone --depth 1`, kisha `git fetch --unshallow` ukiwa kwenye mtandao mzuri. Au muombe aliye ofisini aandike `git bundle create kazi.bundle --all`, akuletee kwa flashi. Unafanya `git clone kazi.bundle`, unaelekeza `origin` (anwani ambako Git huvuta na kupeleka kazi) kwenye seva halisi kwa `git remote set-url`, na kuanzia hapo unavuta mabadiliko madogo tu.

Ukiomba msaada

Ujumbe wa "Git haifanyi kazi" humlazimisha msimamizi kuuliza maswali ambayo ungeyajibu mwenyewe. Mtumie kitu cha namna hii:

"Shikamoo dada. Nashindwa kuingia seva-yetu tangu saa nne na dakika kumi asubuhi hii. Niko waifai ya nyumbani, nimejaribu na hotspoti, ni vilevile. Naona `Connection established`, ufunguo wangu unaonyeshwa, haukubaliwi. Alama ya ufunguo ni hii."

Alama hiyo unaipata kwa `ssh-keygen -lf ~/.ssh/ufunguo_wa_kazi.pub`, na haina siri. Saa ni muhimu kuliko picha ya skrini, na ukiandika kwa saa za Kiswahili msimamizi akumbuke kuongeza sita, kwani logi haijui saa nne yetu. Yeye ataandika `journalctl -u ssh --since "10:05" --until "10:15"` na kuona seva ilikukatalia kwa sababu gani.